Milimita Mbili za Kupumulia

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kando ya cherehani.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Pokea salamu nyingi za dada yako, na ukizimaliza hizo ujue nyingine ziko njiani. U hali gani? Kifua kinasemaje? Wewe na hivyo vyumba vya barafu unavyotengeneza, nikikufikiria tu huku najikuta natafuta sweta. Wifi hajambo? Na huyo malaika wenu, meno yamefika mangapi? Mwambie shangazi yake anauliza, hata kama bado hajui shangazi ni kitu gani.

Sisi huku tunaendelea vizuri. Baba hajambo, ila magoti ni yale yale: kuinama anaweza, kuinuka ndiyo kazi. Mimi na cherehani yangu tunasukumana, siku nyingine yenyewe inashinda. Mama ana habari yake peke yake, nayo nitaifikia. Usiruke mistari kuitafuta, nakujua wewe.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi wakati simu ninayo. Lakini simu yenyewe, ndugu yangu, imekuwa ya "Nipo salama, kazi nyingi." Wiki ya sita hii ujumbe ni huo huo, mpaka nimeanza kudhani umeuhifadhi mahali, unautuma tu. Nikikupigia, uko kazini. Hata Jumapili uko kazini. Sikulaumu. Tena ndani ya bahasha hii kuna kitu ambacho simu haiwezi kukibeba. Umekwisha kukiona, lakini kiweke kando kwanza, usome.

Nina kosa, Spana, nami nimekaa nalo kooni kama mwiba wa samaki. Siku ile Baba alipokusema mbele ya watu kwa ajili ya zile rimu, kosa halikuwa lako, lilikuwa langu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye simu. Nikanyamaza. Wewe ulijua, mimi nilijua na Mungu alijua; wengine wote waliamini ni wewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengine uliyasikia kwa simu tu, tena nusu nusu.

Unajua rimu za gari letu zilivyokuwa zimechoka. Mbili zilipinda kwenye lile shimo la mbele ya duka la dawa, moja ilishagongwa nyundo mpaka ikawa na sura ya sufuria kuukuu, na ya nne ilivuja upepo kila asubuhi. Gari likikimbia kidogo tu, usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa. Zamani tulicheka. Tangu Mama avunjike nyonga na kuwekewa chuma, kicheko kilikwisha. Mara mbili kwa wiki ni lazima afike hospitali kufanyishwa mazoezi ya mguu, na gari likitikisika anafumba macho na kung'ang'ania mlango. Hasemi kitu. Baadaye akaanza kutafuta sababu: leo mvua, leo mgeni, leo nimepona. Mtaalamu wa mazoezi alituambia wazi kwamba akiacha sasa, lile gongo la miguu minne hataliacha tena maisha yake.

Na Baba, aliyeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini akajisifu kwamba hajamtikisa mgonjwa hata mmoja, sasa alikuwa anamtikisa mkewe mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa linamla ndani kwa ndani.

Ndipo ulipokuja na siri yako. Ulinipigia ukasema utawatumia wazee rimu nne mpya, wasijue mpaka mzigo ufike, na kwamba mimi ndiye jicho lako huku. Siku hiyo gurudumu moja lilikuwa kwa Fundi Taratibu likizibwa, gari limekaa juu ya jeki, boliti nne ziko wazi. Ulinieleza vizuri kabisa. Ulisema, "Dada, pima kutoka katikati ya boliti moja mpaka katikati ya ile inayoitazama upande wa pili." Nakumbuka kila neno leo. Siku ile nilikuwa na mteja aliyesimama na gauni nusu, pini nne mdomoni, nikakujibu "mm, mm" kama mbuzi anayetafuna.

Nikatoka na futi yangu shingoni, nikachuchumaa, nikapima. Nilipima kutoka ukingo wa nje wa boliti moja mpaka ukingo wa nje wa nyingine, kwa sababu miaka ishirini na mbili sasa mimi napima vitu kwa nje: kiuno kwa nje, bega kwa nje. Nikapata sentimita kumi na moja na milimita mbili. Na halafu, mdogo wangu, nikaongeza milimita mbili za kupumulia.

Ndiyo, cheka. Sijawahi kumkatia mtu nguo bila kumwachia nafasi ya kupumua. Mkono uliongeza wenyewe, kichwa hakikuulizwa. Nikakutumia: kumi na moja na milimita nne. Ukaenda dukani, na kwa bahati mbaya kipimo hicho kipo, tena magari mengi yanakitumia, kwa hiyo muuzaji hakuwa na la kuuliza. Kipimo cha gari letu ni sentimita kumi kamili.

Rimu zilipofika zilikuwa nzuri, sitii chumvi. Kila moja umeifunga kwa kipande cha blanketi. Mama alilitambua lile blanketi kabla hata hatujazifungua. Ni lile alilokupa ulipoondoka. Alisema, "Amelikata? Sasa anajifunika nini?" Akavikunja vipande vyote vinne akavipakata. Baba aliosha gari asubuhi nzima, akavaa shati la kutokea, akawaita majirani. Unamjua akiwa na furaha, haoni haya kuwaita watu waje watazame gurudumu.

Fundi Taratibu akanyanyua rimu ya kwanza, akaipeleka kwenye boliti. Moja ikaingia, iliyo mkabala nayo ikagonga chuma. Akageuza. Vile vile. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne, bila haraka, kama jina lake. Kisha akaziweka chini, akajifuta mikono, akatikisa kichwa.

Baba akakupigia pale pale, simu ikiwa na sauti ya kusikika na wote. Ulimi hauna mfupa, na alikuwa na aibu mbele ya watu. Akakwambia umekaa mbali mpaka gari la nyumbani umelisahau, na kwamba mtu asiyejua huuliza. Nilisubiri useme kwamba uliuliza. Nilisubiri unitaje. Wewe ukasema tu, "Nisamehe, Baba." Basi. Mimi nikasimama pale kama niliyemwagiwa maji, na futi yangu bado iko shingoni.

Siku hiyo jioni nilifungua kabati nikaiona ile picha uliyonitumia mwaka wako wa kwanza huko, ukiwa umevaa koti nililokushonea kwa vipimo vya kwenye simu. Mabega yako yamepotelea ndani. Mikono imekuja mpaka vidoleni. Na chini uliandika, "Dada, limenikaa sawasawa." Ulilivaa koti langu bovu majira mawili ya baridi bila kulalamika, na mimi nikashindwa kukuvalia kosa langu mwenyewe dakika moja. Nililia, sitaki kukuficha.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana haya huyajui.

Baba hakuzirudisha rimu kwenye sanduku. Alizisimamisha ukutani sebuleni, akawa anazipangusa vumbi kila asubuhi, na akimaliza anashika simu, anaitazama, anairudisha mezani. Mara tatu nilimwona. Siku ya nne nikamkuta anazipakia garini. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema Bingwa wa karakana ya chuma amemwambia matundu yanaweza kupanuliwa kidogo kwa ndani, na zote zitaingia. Nikachukua futi, nikaingia garini bila kualikwa.

Kwanza tulipita kwa Fundi Taratibu, kwa sababu Baba hafanyi kitu cha gari bila kumwonyesha, hata akijua atakataliwa. Na kweli alikataliwa. Fundi alisema, "Mzee, tundu ukilivuta, nati haina pa kukalia. Leo gurudumu litakaa. Siku moja litaamua kwenda zake, na mama yumo ndani."

Baba akasema, "Lazima zikae."

"Mzee wangu, gurudumu halilazimishwi."

"Nilimsema mtoto wangu vibaya mbele za watu," Baba akasema. "Nataka nimpigie nimwambie zimekaa."

Alisema hivyo, Spana, kwa maneno hayo hayo, huku ameegemea meza ya fundi iliyojaa grisi, naye amevaa shati jeupe. Nikaona hapa ninaelekea kumzika mama yangu kwa ajili ya uso wangu. Nikapiga moyo konde. Nikasema yote: siri yako, pini mdomoni, boliti, ukingo wa nje. Nilipofika kwenye milimita mbili za kupumulia nikazionyesha kwa vidole.

Baba alikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu. Nilidhani atanifokea, na ningeshukuru. Badala yake akaniuliza polepole, "Za kupumulia?"

Nikasema ndiyo, Baba.

Fundi Taratibu akasema, "Chuma hakipumui, dada," akageukia ukutani, na mgongo wake ukaanza kucheka. Baba naye akacheka mpaka akafuta macho, na mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Lakini kicheko kilipokwisha akasema, "Na yule kijana akaomba radhi."

Fundi alinishika mkono siku hiyo akanifundisha upya kama mwanagenzi. Kwanza unahesabu boliti. Kisha katikati kwa katikati, kwa rula ya chuma na si kwa futi ya kitambaa inayovutika. Halafu tundu kubwa la kati ya rimu, likae juu ya kitovu cha gari, pale boliti zinapotokea, bila kucheza, maana rimu ikikaa upande hata milimita moja ndiyo mtetemeko wenyewe. Na kina cha rimu, tairi lisije likakwaruza kwa ndani au kutokeza nje kama shati lililotoka kwenye suruali. Nilimuuliza mbona yote haya anayajua kichwani. Akasema hayajui, huwa anapima kila gari upya, hata la jana. Na mimi wateja wangu wa zamani huwa siwapimi, nawakata kwa macho.

Ukitaka kujua, yale mengine yote uliyachagua sawa. Ukubwa sawa, kina sawa, idadi ya boliti sawa, umekumbuka mpaka namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Fundi alizipima rimu zako moja moja akamwambia Baba, "Aliyechagua hizi anaijua kazi." Nimemwomba alirudie neno hilo mbele ya majirani wale wale, naye akalirudia, na Baba akawa anaitikia kwa kichwa. Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilitoka shingoni kwangu.

Umemsahau yule mkunga wa mtaa wa nyuma, aliyekupokea duniani? Yu hai, mstaafu, sauti ile ile. Gari lake la sasa linatumia kipimo cha rimu zako, na lile la zamani lilikuwa pacha wa letu. Lilipokufa alibaki na rimu zake nne uani, akazipandia maua. Baba alikwenda mwenyewe kumwomba wabadilishane. Mkunga akatoa maua, akazikung'uta udongo, akasema, "Huyo mtoto nilimpokea hana hata kiatu, leo ananivalisha vinne!" Sasa anapita mtaani na rimu zako zinang'aa, na kila anayemsimamisha anamwambia ni za mtoto wake wa mia tatu na kitu.

Za kwake ni za chuma, nyeusi, hazina urembo wowote. Fundi alizisafisha, akazizungusha moja moja huku ameshika chaki karibu na ukingo, kuona kama kuna mahali zinapinda. Chaki haikugusa. Akazipeleka kwenye boliti, na nakuambia zilivyoingia hazikupiga kelele yoyote. Mimi nimeshona nguo nyingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona kitu kikikaa hivyo.

Haya, habari ya Mama sasa.

Jumanne tulimpeleka hospitali. Alikubali shingo upande, akakalia vile vipande vinne vya blanketi lako. Nimevishona tena kuwa kimoja, na mshono umeonekana lakini umekubali. Nilikaa naye nyuma nikimwangalia mkono. Tulipopita duka la dawa mkono haukwenda mlangoni. Tulipofika kwenye barabara ya kokoto alikuwa ananisema kwamba chumvi nimeizidisha tangu Jumamosi, na kwamba mwanamke anayepima vizuri kitambaa hawezi kushindwa kupima chumvi. Alinisema njia nzima, macho wazi. Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile.

Gari liliposimama akauliza, "Tumefika?" Baba alijifanya anahangaika na kioo cha dirisha, akakishusha, akakipandisha, akakishusha tena.

Hajakosa siku tangu hapo. Ijumaa alitoka mlangoni mpaka garini kwa fimbo moja. Lile gongo la miguu minne limebaki pembeni ya kitanda, na nimelitundikia nguo zinazosubiri vifungo.

Sasa chukua kile kitu nilichokuambia ukiweke kando.

Hiyo ni karatasi ngumu ninayokatia vielelezo vya nguo. Juzi Baba aliniomba kipande. Akaniomba nimshike bega, akapiga magoti yake yale mbele ya gari, gurudumu limetolewa, akaibandika karatasi kwenye boliti na kuchora mwenyewe. Duara la katikati alilikata kwa mkasi wangu mzuri, ambao hata wewe hukuruhusiwa kuugusa. Matundu ya boliti aliyatoboa kwa patasi ndogo, katikati kwa katikati, na Fundi Taratibu akapitisha rula. Ni sentimita kumi. Hakuna cha kupumulia.

Utaona yametobolewa matatu, na la nne limewekwa alama ya penseli tu. Nilidhani amechoka, nikanyoosha mkono nimsaidie. Akaivuta karatasi. Alisema, "La nne atalitoboa mwenyewe, hapa, penye gari." Nikamwambia basi mpigie umwambie hivyo. Akasema nikuandikie mimi, yeye hajui aanzie wapi. Kwamba mtoto aliyeomba radhi kwa kosa lisilo lake, baba yake anamwanzia wapi kwa simu?

Basi ndiyo nimekuandikia. Naomba unisamehe, Spana. Sikuombi kwa mzaha, ingawa nimechekacheka humu. Kucheka ni mazoea, nafsi yangu ilikuwa imeinama. Ulinifichia aibu yangu nami nikakuacha uvae yako na yangu. Sitarudia. Na ukija, njoo na lile koti nilipunguze mabega, nikupime mwili ukiwa umesimama mbele yangu, huku nimefunga mdomo na pini ziko mezani.

Wasalimie wifi na mtoto, umbusu paji la uso kwa niaba ya bibi yake. Shangazi yetu anakusalimu na anauliza kama huko kuna jua. Mjomba anakusalimu, na hajabadilika. Mkunga anasema usimwone kimya, anakuombea kila akiwasha gari. Fundi Taratibu naye anasema taratibu, lakini uje.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akufungulie njia, na akurudishe ukiwa mzima kama ulivyotoka.

Baba ameninyang'anya kalamu kuangalia kama nimeandika habari ya tundu la nne. Nimeandika. Patasi ameiweka kwenye droo ya cherehani, na amesema asiiguse mtu.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Futi.